Muulize Shangazi wa Chekechea: "Nalipa ada, mbona mtoto anacheza tu?"

Jamani meseji zenu nimezipata, na mwezi huu zimekuwa nyingi mno, nadhani kwa vile ni Januari, shule zimefunguliwa, ada zimeshalipwa na sasa kila mtu anataka kuona hela yake imefanya nini. Nimechukua saba, zingine zinafanana na hizi. Nyie mnaonitumia sauti za dakika nane nawapenda sana lakini naomba muandike, macho yangu bado yanadai, masikio ndo yalishachoka na miaka yote ile ya kelele za watoto.

Shangazi shikamoo. Mwanangu wa kike ana miaka 3 na miezi 4, nilimpeleka kituo hapa Mbagala mwaka jana mwezi wa saba. Mpaka leo hajui kuandika hata a. Nikimuuliza mmefanya nini leo anasema tumecheza. Kila siku tumecheza! Jirani yangu mtoto wake umri huo huo yuko shule nyingine, anahesabu mpaka mia na anarudi na homuweki kurasa mbili, na mama yake ananiletea daftari makusudi nione. Mume wangu anasema tumtoe, manake kucheza hata nyumbani anacheza bure. Nifanyeje? – Mama wa mmoja, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kwanza huyo jirani na mimi angenikera. Ila nikuulize, hilo daftari ulilitazama vizuri au ulilitazama kwa hasira? Siku nyingine akija nalo angalia zile herufi, utakuta zimekaa juu ya mstari vizuri, zimeinama zote upande mmoja, na ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona nukta nukta chini yake. Daftari la mtoto wa miaka mitatu, nakwambia siri ya kazi, ni mwandiko wa mwalimu. Mwalimu anamshika mtoto mkono wanaandika wote wawili, anaweka vema kubwa nyekundu, mzazi anafurahi, mwenye shule anafurahi, mtoto vidole vinamuuma. Najua kwa sababu nimefanya hivo mwenyewe, miaka hiyo nilikuwa na watoto sitini na kitu chumba kimoja, wazazi wanataka madaftari, basi usiku nakaa na mshumaa nawachorea nukta, a, a, a, madaftari sitini. Sijivunii hata kidogo.

Sasa sikia habari ya mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wako wewe mtu mzima kina vifupa vidogo 8. Mtoto akizaliwa pale hamna mfupa hata mmoja uliokomaa, ni gegedu laini tu kama lile la sikio, alafu mifupa inatokea mmoja mmoja, akifika miaka mitatu anakuwa na kama mitatu hivi, na ule wa mwisho kabisa unachelewa mpaka ana miaka 8 au zaidi. Ndo huo mkono mnataka ushike penseli nyembamba ukae ndani ya mistari! Mkono wa umri huo unajengwa na kukanda udongo, kukamua kitambaa cha maji, kuchambua mchicha na wewe, kufungua na kufunga mifuniko ya chupa, kuchana karatasi, kutunga shanga kubwa kwenye kamba ya kiatu. Akishafanya hayo mwaka mmoja na nusu, penseli akija kuishika ataishika mwenyewe na hutaamini.

Na hiyo ya kuhesabu mpaka mia, ile ni nyimbo mwanangu. Nzuri, wala sikatai, kumbukumbu inakua. Lakini fanya jaribio dogo bila ugomvi, mwambie yule mtoto wa jirani "niletee vijiko vitatu." Wengi wa umri huo wanaohesabu mpaka mia watakuletea vyote walivyoweza kushika. Wako anaeshinda akicheza kupika, anaegawa sahani "hii ya baba, hii ya mama, hii yangu," alafu anagundua wageni wanne vikombe vitatu na mmoja atakosa na sasa kuna kesi, huyo ndo anafanya hesabu, sema haina daftari.

Lakini mume wako naye usimpuuze, kauliza swali la maana: kama ni kucheza kwanini tulipe? Kucheza peke yake uani ni kuzuri na aendelee nako. Kwenye chekechea nzuri kinachoongezeka ni mtu mzima anaejua lini aingie kwenye mchezo na lini anyamaze. Watoto wana beseni la maji na makopo, mwalimu anachuchumaa pembeni anauliza "ivi hili kopo refu na hili fupi pana, lipi litaingia maji mengi?" alafu ANANYAMAZA. Anasubiri. Mtoto anabisha, anamwaga, analowa, anajaribu tena. Nimeona walimu wengi wanaoweza kuuliza, wa kusubiri jibu ni wa kutafuta.

Kule Marekani, mji wa Ypsilanti jimbo la Michigan, kati ya 1962 na 1967 walichukua watoto 123 wa familia masikini za watu weusi, wa miaka 3 na 4, karibu nusu wakawaingiza chekechea na wengine wakabaki bila. Ilikuwa ni masaa mawili na nusu tu asubuhi, na mara moja kwa wiki mwalimu anamfuata mtoto nyumbani kwao akae na mama yake. Mtoto anapanga mwenyewe leo atacheza nini, anacheza, alafu wanakaa anasimulia alichofanya. Wakawafuatilia mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40, waliosoma chekechea walikuwa wamemaliza sekondari wengi zaidi, wanapata kipato kizuri zaidi, na waliokamatwa na polisi ni wachache kuliko wenzao. Na hapa ndo patamu: kwenye vile vipimo vya akili walikuwa wamewapita wenzao mwanzoni, ila tofauti ile ikayeyuka baada ya miaka michache. James Heckman, yule mchumi wa Nobel ya 2000, alichambua takwimu zile na anachosema ni kwamba kilichobaki ni tabia, kujizuia, kumaliza ulichoanza, kuelewana na watu. Vitu ambavyo havina ukurasa kwenye daftari.

Basi kabla hujamtoa, nenda pale kituoni saa nne asubuhi bila kuaga. Usiangalie ukuta umechorwa Mickey Mouse wangapi. Angalia midoli iko wapi, kama imepangwa juu ya kabati na nailoni zake ujue ni ya kuonyesha wazazi. Sikiliza nani anaongea zaidi, watoto au mwalimu. Angalia choo. Uliza cheti cha usajili, manake vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinatakiwa kusajiliwa kupitia ustawi wa jamii, iko kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Ukikuta wamekaa kwenye mabenchi wanaangalia tivii na mwalimu yuko bize na simu, hapo mume wako ana haki, mtoe hata kesho. Na nyumbani usimuulize tena "mmefanya nini," muulize "leo nani alilia?" Utapata habari ya nusu saa.

Shikamoo shangazi, mimi ni baba, niko Mwanza. Kijana wangu ana miaka 2 na miezi 3, mwalimu amenipigia mara tatu kwamba anang'ata wenzake na hataki kushea midoli. Nilimchapa haijasaidia. Mama yake anasema amerithi kwa baba yangu.

Marahaba baba. Mzee wa watu muacheni apumzike.

Mwaka 1932 mtafiti mmoja wa Marekani, Mildred Parten, alikaa kutazama watoto wadogo wanavyocheza akaandika hatua zake: kuna anaecheza peke yake, kuna anaetazama tu wenzake, kuna wanaocheza pembeni kwa pembeni kila mmoja na lake, na huko mbele ndo wanakuja kucheza kitu kimoja kwa kupangiana kazi. Miaka miwili ni umri wa pembeni kwa pembeni. Anampenda mwenzake, anataka kukaa karibu yake, ila lile gari ni lake kama vile mkono ni wake. Kwahiyo ukimwambia "shea na mwenzio" hajui unachoongea. Mwambie mwalimu awe na magari mawili ya aina moja, kesi nusu zitaisha. Badala ya kushea tumieni zamu: "zamu ya Juma, alafu zamu yako," na zamu iwe fupi kweli, ahesabu mpaka kumi ageuze.

Kung'ata ni kwamba maneno hayajatosha. Anataka kusema "nipishe" hana, mdomo unafanya kazi nyingine. Mpe hilo neno. Cheza nae nyumbani, mnyang'anye kijiko kwa utani, mfundishe aseme "changu!" au "hapana!" kwa nguvu, akisema mrudishie palepale. Muombe mwalimu aandike kwa wiki moja anang'ata saa ngapi, mimi ningebeti ni kabla ya chakula au kabla ya kulala. Akimng'ata mtu unashuka chini usawa wa macho yake, "hapana, meno yanaumiza," basi, alafu huyo aliyeng'atwa ndo anabembelezwa kwanza. Kumchapa acha, unamfundisha kwamba mkubwa akikasirika anaumiza mdogo, na hiko ndo anachofanya.

Hujambo mwanangu. Naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Niko Muheza, nimeachiwa mjukuu wa miaka miwili, mama yake yuko kazini Dar. Kanitumia simu kubwa ati mtoto aangalie katuni ajifunze kusoma. Huku hakuna chekechea mpaka afikishe mitano aingie la awali hapo shule ya msingi. Mie sikusoma. Nitamharibu huyu mtoto?

Shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekaa nayo siku nzima.

Hutamharibu. Simu ndo ya kuiangalia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano: asiyefika miaka miwili asiangalie kabisa, kuanzia miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora. Mtoto wa umri wa mjukuu wako anatakiwa ajongee, akimbie, apande, abebe, atambae chini ya meza, jumla yake masaa 3 kwa siku, na alale masaa 11 mpaka 14 ukiweka na usingizi wa mchana. Masaa matatu ya kukimbia Muheza yanapatikana bila shida, wa kuhurumiwa ni hawa wa Dar ghorofa ya nne.

Kwanini simu haimfundishi kuongea, bibi, ni kwa sababu simu haisubiri. Inasema "embe ni rangi gani?" alafu inajijibu. Mtoto akisema "njano" au akisema "ng'ombe" kwake ni sawasawa, inaendelea tu. Wewe akikuonyesha kuku kwa kidole unageuka, unasema "ee, kuku, tena ana vifaranga, umeona anavyochakura?" anacheka, anasema "kuku!" nawe unaongeza tena. Huko kupokezana ndo kunakojenga ubongo wa umri huu, na wewe unakufanya kila siku bila kujua ni somo. Zile hadithi zetu zimetengenezwa hivyohivyo, ukisema paukwa lazima mtu aseme pakawa, ukisema kitendawili huendi mbele mpaka mtu aseme tega! Babu zetu walijua mtoto anaesikiliza tu analala.

Mchambue nae maharage, ya kubandika jikoni weka huku, mabovu weka kule, hilo ni somo la kupanga vitu makundi. Muachie masufuria na mifuniko atafute kipi cha kipi. Gunzi lifunge kitambaa liwe mtoto, alibebe mgongoni, amnyonyeshe, amkemee (utasikia maneno yako mwenyewe yanarudi, usishtuke). Mchanga na vifuu vitatu apike pilau. Ila kitu kidogo cha kuingia mdomoni kama kokoto, kunde mbichi, vizibo vya soda, awe navyo ukiwa unamuona, wa umri huu anapaliwa haraka.

Na usione aibu na vifaa hivo. Mombasa miaka ya 1980 wazazi wa Kiislamu walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari bila kuacha dini yao, Wakfu wa Aga Khan ukawaunga mkono na mwalimu mmoja aliyeitwa Bi Swafiya Said akaanza kazi nao, zikazaliwa chekechea za madrasa ambazo baadae zilienda mpaka Zanzibar na Uganda. Midoli yao ilikuwa vifuu, makuti, kokoto, vitambaa, mama wenyewe wanatengeneza. Sasa hiyo ndo pwani hiihii, bibi, na vifuu unavyo.

Simu usiirudishe lakini. Ichaji jioni umpigie mama yake kwa video mtoto amuone, hiyo ni tofauti, mama yake anamjibu.

Shangazi, mtoto wangu miaka 3 analia kila asubuhi mlangoni mwa shule, mwalimu anasema nitoroke akiwa haoni. Nifanye hivo? – Morogoro

Usitoroke. Ukitoroka leo, kesho atakushika sketi tangu unapovaa viatu, manake amejua ukigeuka tu unapotea. Muage. Kifupi, kila siku maneno yaleyale, "mama anaenda kazini, ukishakula uji na kulala mama anakuja," busu, mkabidhi mkononi kwa mwalimu, ondoka usirudi kuchungulia dirishani (wote tunachungulia, mimi pia kwa mwanangu wa kwanza). Mpe kipande cha khanga yako aweke kwenye begi. Kwa wengi wiki mbili tatu inatulia. Kama mwezi unakatika na hali chakula kule, au alikuwa amezoea na ghafla anagoma, hapo chunguza mahali penyewe.

Assalaam alaykum shangazi. Sie tuko Muscat, nyumbani twasema Kiswahili, mwanangu miaka mitatu kaanza raudha huko Kiarabu tupu na kidogo Kiingereza. Sasa anachanganya, lugha mbili kwenye sentensi moja. Mwalimu wake kanambia niache Kiswahili.

Waalaykum salaam. Usiache. Kuchanganya sio kuchanganyikiwa, anachukua neno lililo karibu, kama wewe ulivyoniandikia "raudha" hapo juu badala ya chekechea. Hesabu maneno yake yote, ya Kiarabu na Kiswahili pamoja, utakuta yuko sawa na wenzie. Akikwambia kwa mchanganyiko wewe mjibu kwa Kiswahili kamili bila kumsahihisha, na tafuta watoto wa kucheza nao kwa Kiswahili, mabinamu, majirani, manake lugha ya kuongea na mama tu akifika miaka saba ataiona ya kukemewa. Na bibi yake wa Unguja awe anapiga simu.

Habari shangazi, niko Nairobi. Mtoto wangu wa miaka 3 amefeli intavyuu ya kuingia plegrupu. Aliulizwa rangi akanyamaza. Nimlipie tyusheni?

Tyusheni ya miaka mitatu!! Hapana. Amekutana na mtu asiyemjua nyuma ya meza akaulizwa kitu ambacho huyo mtu anakijua tayari, na mimi ningenyamaza. Hapo kwenu PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali baada ya plegrupu, inaanza akiwa na miaka minne, una mwaka mzima. Tafuta mahali ambapo kwenye hiyo intavyuu wanamuweka mtoto chini na boksi la vitu vya kuchezea na wanaongea na WEWE.

Shangazi shikamoo, naandika huku nalia. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 4, ana maneno kama manne. Nikimuita mara nyingi hageuki, na hanionyeshi kitu kwa kidole, anachukua mkono wangu ananivuta. Mama mkwe anasema watoto wa kiume wanachelewa, hata baba yake alichelewa, na nikimpeleka chekechea ataongea tu akichangamana. – Kibaha

Marahaba mwanangu, futa machozi tuongee.

Mama mkwe hajakosea yote, wavulana kwa wastani wanachelewa, lakini kidogo tu, na miaka miwili tunategemea mtoto aanze kuunga maneno mawili, "mama njoo," "maji hapana." Kinachonifanya mimi nisikwambie usubiri sio yale maneno manne. Ni kutogeuka akiitwa na kutoonyesha kwa kidole. Hayo mawili yakiwa pamoja mtoto anatakiwa aangaliwe na mtaalamu, na wa kwanza ni wa masikio. Watoto wengi wanaougua mafua mara kwa mara wanapata maji nyuma ya ngoma ya sikio, anasikia kama mtu aliye chini ya maji, na kwa nje anaonekana mzima. Nenda kliniki ya mtoto na kadi lake, waambie maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, neno kwa neno, usiyapunguze kwa aibu, omba rufaa ya kupimwa usikivu, Muhimbili sio mbali na Kibaha. Kama masikio ni mazima waombe wamtazame makuzi yake kwa ujumla. Na ikiwa kuna maneno alikuwa nayo zamani na sasa hana, sema hilo la kwanza kabisa.

Chekechea mpeleke, itamsaidia, ila isiwe badala ya hospitali. Mwambie mwalimu asimuite kwa mbali, amuendee mbele amguse bega. Nyumbani cheza nae michezo unayoisimamisha katikati: pulizia mapovu ya sabuni mara mbili, ya tatu shika kijiti usipulize, mtazame, subiri. Akikutazama tu, puliza. Akitoa sauti yoyote, puliza. Weka kikombe anachokipenda juu ya kabati akione asikifikie, akija kukuvuta mkono mwambie "kikombe? juu?" onyesha kwa kidole wewe, alafu mpe. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, redio na tivii zimezimwa.

Nenda wiki hii, usisubiri akamilishe mitatu. Ukitoka kliniki nitumie meseji nijue wamesema nini. Wewe hata ukinitumia sauti nitasikiliza.